Tuma na Tũma

Neno lililonitaabisha kuliko yote lilikuwa neno ninalolijua tangu utotoni. Sũsũ, nyanya wa mume wangu, alikuwa amekaa chini ya mwembe, miguu ameinyoosha mbele, kyondo kichanga, kikapu cha kufumwa, kimelala mapajani mwake, nami nimekaa kando yake juu ya gunia. Akanitia nyuzi mbili mkononi, akasema, "Tuma." Nikasimama. Nikajikung'uta vumbi, nikaifunga leso yangu vizuri kiunoni, nikamtazama aniambie nimetumwa wapi: dukani, kisimani, au kwa jirani. Naye alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Tukabaki hivyo kitambo, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Hakucheka. Alimwita kijukuu aliyekuwa akifukuza kuku, akampa sarafu ya shilingi ishirini, kisha akanigeukia mimi na kusema polepole, "Nĩngũmũtũma ndukanĩ." Mtoto akatoka mbio. Alipotokomea nyuma ya ua wa minyaa, Sũsũ akanishika mkono, akanikalisha, akakibandika kidole changu cha shahada juu ya uzi. "Tuma," akasema tena.

Hapo ndipo masikio yangu ya Mombasa yalipozibuka. Neno alilomtumia mtoto nililisikia kama "toma." Neno aliloniambia mimi lilikuwa "tuma" safi, kama letu, ila kwa Kikamba maana yake ni kufuma. Kutuma kwetu ndiko kũtũma kwao, na kufuma kwetu ndiko kũtuma kwao, na kinachoyatenga maneno hayo mawili ni kijimstari kimoja cha mawimbi juu ya herufi.

Kikamba kina irabu saba. Kiswahili tunazo tano, nasi tumezizoea hata tunadhani dunia nzima inatosheka nazo. Kati ya i na e wao wana ĩ, kati ya u na o wana ũ, na sauti hizo mbili za katikati si madoido. Mwenye kuzipuuza atatumwa akiambiwa afume. Baadaye, usiku, nikiwa kitandani nimeshindwa kulala, nililigeuza jambo hili kichwani nikaona uzuri wake. Lugha zetu hizi mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Zamani hizo babu zao walikuwa na irabu saba, na maneno haya mawili yalitofautiana kwa irabu tu. Wakamba wakaitunza irabu. Sisi wa pwani tukaipoteza, lakini tofauti yenyewe hatukuitupa. Tuliihamishia kwenye konsonanti, t ikawa f, tukapata tuma na fuma. Mkuki nao vivyo hivyo: kwao ĩtumo, kwetu fumo. Nyumba imebaki ile ile, mlango tu umehamishwa ukuta.

Nieleze nilivyofika hapo. Nimeolewa na Mkamba wa Kibwezi, kaunti ya Makueni, na kwa miaka kumi na mmoja Kikamba changu kilikuwa cha kuombea maji na kushukuru. Mume wangu naye hakunisaidia, wala simlaumu. Alisoma katika shule ambayo mtoto akisikika anasema lugha ya mama yake huvishwa kibao shingoni, akae nacho hadi amnase mwenzake. Aliyekulia chini ya kibao hicho hafundishi wanawe lugha kwa moyo mkunjufu. Kila akifungua mdomo anajikuta anatazama nyuma. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika adhabu hii mwaka 1986 katika kitabu chake kuhusu lugha na ukoloni wa fikra, na Wakenya wengi wa rika lake na wa marika yaliyofuata wanaijua kwa ngozi zao.

Kisa hiki si cha kwetu peke yetu. Huko Wales, katika karne ya 19, mtoto wa shule aliyeteleza akasema Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakipokeza kwa atakayekosea baada yake. Mbao ile ile, ujanja ule ule. Lakini Wawelisi wamefanya jambo ambalo sisi bado. Katika rasi ya Llŷn kuna kijiji kiitwacho Nant Gwrtheyrn, kilichokuwa cha wachimba mawe, kikahamwa machimbo yalipofungwa. Daktari mmoja, Carl Clowes, aliongoza juhudi za kukinunua, na mwaka 1978 kikapatikana; mwaka 1982 madarasa ya kwanza ya Kiwelisi yakaanza. Hadi leo mtu mzima anaweza kwenda huko akakaa wiki moja katika nyumba walizolala wachimba mawe, akala, akatembea na kujifunza kwa Kiwelisi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 538,000 wenye uwezo wa kusema Kiwelisi huko Wales. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inaiagiza serikali ikuze na kuendeleza matumizi ya lugha za wenyeji. Na mimi nilipotaka kujifunza Kikamba kwa wiki moja, kituo nilichokipata kilikuwa mwembe mmoja na ajuza mmoja.

Sharti alilitoa yeye mwenyewe kwa simu kabla sijakata tiketi: tangu jogoo hadi kulala, hakuna Kiswahili. Nikakubali. Pwani siku saba za kwanza za ndoa tunaziita fungate. Hizi nazo nilizichukulia kama fungate, safari hii ya ulimi. Treni inayosimama vituo vya njiani ikanishusha Kibwezi, vilima vya Chyulu viko upande mmoja, mibuyu imesimama mitupu bila jani kwa kiangazi cha Agosti.

Sũsũ maana yake ni nyanya; huyu ndiye aliyemzaa baba wa mume wangu. Alinipokea langoni: "Wakya, mwaĩtũ?" Mimi nikajibu, "Aa," jibu pekee nililokuwa na hakika nalo. Mwaĩtũ ni mama, na aliniita hivyo kwa heshima ile ile tunayomwitia binti mdogo "mama" kule Mombasa. Kisha akanionyesha binti aliyesimama na ndoo, akasema mwĩĩtu, msichana. Mwaĩtũ, mwĩĩtu. Kwa siku mbili nzima niliwaita wasichana mama na akina mama wasichana.

Jambo linalonifanya niandike haya ni hili: Sũsũ anakijua Kiswahili vizuri. Kwa miaka mingi alileta vyondo Mombasa kuviuza, akapatana bei na wateja wa kila namna, na methali zetu anazo kuliko wajukuu zangu watakavyokuwa nazo. Kila niliposhindwa na neno, yeye alikuwa na lake la Kiswahili tayari nyuma ya meno, na hakulitoa. Mwenye kujua na kulizuia neno ili mwenzake alifikie mwenyewe, huyo ni fundi. Nimefundishwa na walimu wenye shahada ambao hawakuweza kungoja hata nusu dakika. Yeye aliweza kungoja mpaka uji upoe.

Na njia yake niliichunguza, kwa sababu kazi yangu mimi ni maneno. Hakunitajia kitu kabla hakijafika mkononi mwangu. Kwanza nilishika kibuyu, ndipo nikapewa jina la kibuyu. Sentensi aliyoipenda ilikuwa "Kĩĩ nĩ kyaũ?", hiki ni nini, na aliniuliza kwa kila kitu hadi nikaanza kuwauliza kuku. Nikikosea, hakusema nimekosea. Aliirudia sentensi yangu mwenyewe ikiwa imenyooka, kana kwamba ananikubalia, na kuendelea. Mara ya kwanza sikutambua kwamba nimesahihishwa. Mara ya tano nilianza kuisikiliza ile "kukubaliwa" kwa makini kuliko maneno mengine yote.

Halafu mikono. Nilikuja na kitabu, kile cha Whiteley na Muli cha mwaka 1962, kizuri sana kwa anayetaka kuielewa sarufi. Alikitazama, akakifuta vumbi kwa heshima, akakiweka juu ya kabati, kikakaa huko hadi Jumapili. Badala yake akanipa katani. Makonge si shida Kibwezi. Shamba kubwa la mkonge liko pale pale. Mama yake Sũsũ alifuma kwa nyuzi za gome la mbuyu, na bado kuna kyondo kimoja cha namna hiyo nyumbani, cheusi kwa moshi, laini kama ngozi.

Kusokota uzi ni hivi. Unachukua mafungu mawili ya nyuzinyuzi, unayalaza sambamba juu ya muundi wa mguu, unayasukuma mbele kwa kiganja hadi kila moja lijisokote peke yake. Halafu kwa kiganja hicho hicho, bila kukiinua, unarudi nyuma, na mafungu mawili yanakumbatiana yanakuwa kamba moja. Mbele yanatengana, nyuma yanaungana. Mkono wa Sũsũ ulikuwa unafanya hivyo kama mtu anayejipapasa mguu unaomuuma, na uzi ukawa unatoka upande wa pili sawasawa, unene ule ule. Wangu ulikuwa na mafundo kama mnyororo wa minyoo, na muundi wangu ukatoka wekundu.

Kitako cha kyondo huanza na nyuzi chache zilizopishanishwa katikati. Hizo ndizo mtande. Halafu nyuzi mbili za mshindio zinazunguka pamoja: moja inapita mbele ya uzi wa mtande, nyingine nyuma yake, zinapishana, zinauzunguka uzi unaofuata. Kila duara likipanuka unaongeza mtande mpya, na ukisahau kuongeza, kitako kinajikunja kama kikombe. Kwa hiyo lazima uhesabu. Na hapo akanipata: ĩmwe, ilĩ, itatũ, inya, itano, thanthatũ, mũonza, nyanya, kenda, ĩkũmi. Nilihesabu siku nzima, duara juu ya duara, kwa kuwa kyondo hakikubali kudanganywa. Ningeweza kuimba orodha ile darasani mara ishirini nikaisahau. Lakini mtande wa thanthatũ unaposhikwa na kidole, sita haitoki tena kichwani. Na tazama neno lenyewe: thanthatũ ni tatu na tatu. Sisi sita na saba tumezipokea kwa Waarabu. Wao wameweka za wahenga. Kenda ndiyo kenda ya wazee wetu, ambayo vijana wa Mombasa wameiacha wakashika tisa. Nilipofika kenda nilimsikia marehemu babu yangu.

Siku ya tatu nilichoka vibaya. Hakuna aliyenionya kwamba kuishi katika lugha usiyoijua kunauma kichwa kama kukaa juani. Jioni walikuja majirani, wakazungumza wote kwa pamoja, nami nikakaa kati yao kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Sikujua wanacheka nini. Kila nilipoulizwa nilijibu "Ndyĩsĩ," sijui, hadi likawa kama jina langu. Sũsũ aliniona. Hakunifariji wala hakuniruhusu Kiswahili. Aliniletea bakuli la mũthokoi na kunipa kazi ya kugawa: huyu, yule, wewe, mama yake. Mũthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo hadi ganda litoke, yakapikwa na kunde au mbaazi. Binamu ya pure yetu, ila ni laini zaidi. Mwenye kugawa chakula lazima aite watu. Nikawaita. Wakaitika. Usiku huo nililala bila kichwa kuuma.

Usiku kulikuwa na Musyi FM. Mũsyĩ ni nyumbani, na redio hiyo ilikuwa kweli sauti ya nyumba ile. Sũsũ aliifanya mtihani wangu. Aliipunguza sauti, akainua kidevu, akangoja nimwambie nimesikia nini. Siku ya kwanza nilisikia "Kitui" basi. Siku ya nne nilisikia mbua, mvua, na ng'ombe, na kwamba kuna mtu anamtafuta mtu. Kulikuwa na furaha ndogo katika kuanza kuona mifupa ya lugha: kwamba wao wanaiangusha l tunayoitamka sisi, kulima ni kũĩma, kilima ni kĩĩma, kwamba kitu ni kĩndũ na vitu ni syĩndũ, kyondo na syondo. Nilianza kubahatisha maneno kabla sijaambiwa, na nusu ya bahati zangu zilikuwa sahihi.

Ijumaa tulivuka mto Athi kwenda Ikutha kwa dada yake, upande wa Kitui. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui ni ya lami sasa. Daraja ndilo mpaka wa kaunti, na ni mpaka wa masikio pia. Wataalamu wanakigawa Kikamba katika lahaja za Masaku, Kitui Kusini, Kitui Kaskazini na Mumoni, na maandishi mengi yameegemea ya Masaku. Mimi sikuweza kuzitaja tofauti kwa majina, ila niliusikia mwendo umebadilika, sauti inapanda mahali ilipokuwa ikishuka. Kikamba ni lugha ya toni; neno lina wimbo wake ndani. Ndugu hao wawili, waliozaliwa nyumba moja na kuolewa ng'ambo mbili za mto, walikuwa wakisahihishana kwa raha zao, na Sũsũ akanitazama kama kusema: unaona, hata sisi bado tunajifunza.

Nikiwa Ikutha nilimkumbuka Krapf. Mmisionari huyo Mjerumani aliondoka Rabai, karibu na kwetu, akapanda hadi Kitui mwaka 1849 kwa mfanyabiashara mkuu Kivoi, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona kutoka huko mlima wenye theluji ambao jina lake ndilo jina la nchi yetu leo. Mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa Tübingen. Baada yake alikuja Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1926. Majina yao yako maktabani. Ya wale waliokaa nao kivulini wakirudia neno mara kumi bila kuchoka hayako. Lakini kila ukurasa wa vitabu hivyo ulipita kwanza kinywani mwa mtu aliyekubali kumngoja mgeni.

Jumamosi usiku Sũsũ alisimulia. Alianza bila kutangaza, akisokota uzi, na mimi nikisokota wangu. Ilikuwa habari ya njaa ya miaka ya 1980, ambayo Wakamba wanaiita "Nĩkwa ngwete": ninakufa nikiwa nimeshika. Walichokishika ni pesa. Fedha zilikuwepo mkononi, chakula hakikuwepo dukani. Akaeleza alivyotembea na noti imefungwa kwenye pindo la leso, duka hadi duka, akarudi nayo ile ile. Kitenzi cha Kikamba hakichanganyi mambo: lililotokea asubuhi ya leo lina umbo lake, la jana lake, la zamani lake. Kwa hiyo niliusikia wakati ukirudi nyuma ndani ya vitenzi vyake, kisha aliponyooshea kidole debe la mahindi lililokuwa kona ya jiko, kitenzi kikaruka hadi leo. Alipomaliza ndipo nilipogundua kwamba kwa muda wote huo sikuwa nikitafsiri. Uzi wangu nao ulikuwa umetoka bila fundo, kama urefu wa mkono hivi.

Aliuchukua, akauvuta mara mbili, akaupitisha kwenye kyondo chake. Hakusema neno.

Asubuhi ya kuondoka aliteremsha kitabu changu kutoka kabatini, akanikabidhi. Akanipa na kitako cha kyondo nilichokianza, upana wa sahani ndogo, chenye maduara mawili niliyoyafumua na kuyafuma tena, pamoja na fungu la katani. "Tuma," akasema. Safari hii sikusimama.

Masomo ya Kikamba kwa watoto wa madarasa ya chini shuleni yapo, na ni heri. Lakini watu wazima waliokosa, na wakwe kama mimi, na wajukuu wa Nairobi na Mombasa wanaosikia "toma" pasipo na o, hao hawana Nant Gwrtheyrn yao. Wanaokijua kikamilifu bado wako hai, kuanzia Mbooni hadi Mutomo, wamekaa chini ya miembe yao na wana muda. Kama mmoja wao ni wako, na una likizo ya siku saba, mpigie simu umwombe akufungie Kiswahili. Nenda Agosti, kazi ya shamba ikiwa imepungua. Kamusi iache nyumbani, na vaa leso usiyoihofia katani.